C imejaa, D ina nafasi: njia ipi salama ya kuipanua C bila kupiga Windows upya?

Mwanafunzi_Moro

Wakuu, habari za jioni. Nina laptopu ya mtumba, SSD ya GB 256, RAM GB 8, Windows 10. Fundi aliyeniuzia aliigawa diski hivi: C ina GB 60, na D ikapewa yote iliyobaki, karibu GB 177. C sasa imebakiwa na GB 2 na nukta. Ni wiki ya tatu ule mstari wake ni mwekundu, na masasisho yanagoma kuingia. D nimetumia GB 70 tu: nyaraka za chuo, picha za familia na rekodi za mahojiano ya utafiti wangu. Nataka C ifike GB 140 hivi.

Nimefungua Disk Management (sehemu ya Windows ya kugawa diski) nikaipunguza D kwa GB 80, ikakubali. Nikarudi kwenye C, nikabofya kulia, nikakuta "Extend Volume" imefifia, haibonyezeki. Katika kusoma huku na kule nimekutana na njia nne: kuendelea na hiyo hiyo Disk Management, GParted (programu nyingine ya kugawa diski) kwenye flashi, programu za kusakinisha ndani ya Windows kama MiniTool au AOMEI, na kuhamia diski kubwa zaidi. Naomba mnilinganishie kwa usalama kwanza, wepesi baadaye. Utafiti nawasilisha mwezi ujao.

Fundi_Ilala

Mkuu, kwanza ujue kwa nini imefifia, maana ukishalijua hilo ulinganisho unakuwa rahisi.

Patisheni, yaani vipande vya diski kama C na D, zimepangwa kwenye diski kama viwanja kando ya barabara. Disk Management inaipanua C kwenye nafasi tupu iliyopakana nayo upande wa kulia tu. Wewe ulipoipunguza D, Windows ilikata mwisho wa D, kule mbali. Kwa hiyo nafasi yako ya GB 80 ipo, ila D nzima imelala katikati. Na huenda kuna kizuizi cha pili. Angalia ule mchoro wa chini wa Disk Management: kati ya C na D hakuna kijipande cha MB 500 na kitu, hakina herufi, kimeandikwa Recovery Partition, yaani patisheni ya kurejesha Windows ikiharibika? Toleo kubwa la Windows linapoingia huweza kumega mwisho wa C na kukiweka hapo.

Kuipanua C kwenyewe hakuna hatari kubwa. Mpaka unaandikwa upya, faili hazihami, na kazi inaisha ndani ya sekunde. Hatari iko kwenye kuhamisha kilichosimama mbele yake. Kwa hiyo mimi nazipanga njia zako kwa swali moja: ni ngapi kati ya data zako zitalazimika kuhama mahali zilipo?

Kuifuta D baada ya kuihifadhi nje, ukaipanua C, ukaiumba D upya: ndani ya diski hakihami kitu. GParted na hizo za ndani ya Windows: zinaisogeza D yote kulia, data yote inasomwa na kuandikwa sehemu mpya. Kuhamia diski nyingine: kila kitu kinanakiliwa, lakini ya zamani inabaki vilevile. Ukiwa na diski ya nje ya kuazima, fanya ile ya kwanza.

Binti_Tanga

Ndugu yangu, nakuomba umsikilize Fundi. Mimi nilisogeza patisheni ya GB 200 na laptopu ambayo betri ilishakufa, naitumia kwa chaja tu. Niliona mstari unakwenda vizuri, nikaenda jikoni. Umeme ukakatika. Ulivyorudi, Windows iliwaka vizuri kabisa, ila D ilisomeka RAW, yaani Windows haitambui tena mpangilio wa faili zake, na kila nikiifungua inaniuliza kama nataka kuifomati.

Nilikataa kufomati, na hapo ndipo nilipookoa kidogo. Niliendesha PhotoRec, programu ya kuokoa faili, ikanirudishia picha nyingi, ila bila majina wala folda zake. Zote ni herufi f na tarakimu ndefu. Harusi ya kaka yangu imechanganyika na vipicha vya tovuti, na mpaka leo sijamaliza kuzichambua. Bekapu sikuwa nayo. Kabla ya kubonyeza chochote, chomoa chaja uone betri inashika muda gani.

Debian_Mwanza

Pole sana dada. Lakini niitetee GParted kidogo, maana hapo ajali ilikuwa ya umeme. Programu yoyote ile ingekatwa katikati ya kusogeza data ingeleta matokeo hayo hayo.

Uzuri wa GParted ni kwamba unaiwasha kutoka kwenye flashi, Windows ikiwa imelala kabisa, hivyo hakuna faili linalotumika wakati wa kazi. Ni ya bure, na inakuonyesha foleni ya kazi zote kabla hujathibitisha. Nimeitumia miaka mingi, na masharti yangu hayabadiliki. Zima kwanza ule mwanzo wa haraka wa Windows kwa kuandika `powercfg /h off` kwenye dirisha la amri la msimamizi, kwa sababu Windows iliyolala nusu huacha patisheni ikiwa bado "inatumika". Halafu `chkdsk C: /f` ya kukagua dosari, na D vilevile. NTFS, yaani mfumo wa faili wa Windows, ikiwa na dosari, GParted itakataa kuibadilisha ukubwa, na ina haki. Usitafute njia ya kuilazimisha.

Hiyo `powercfg /h off` inafuta pia hiberfil.sys, faili la usingizi mzito wa Windows, ambayo kwa kawaida inakula kama asilimia 40 ya RAM. Kwa RAM yako ya GB 8 utarudishiwa GB 3 na ushee pale pale kwenye C.

Mtu_wa_Kisauni

Salaam aleikum jamaa. Kuna jambo hamjamuuliza: diski yake ni GPT ama MBR, yaani jedwali la patisheni zake ni la mtindo mpya ama wa zamani? Huku Mombasa napokea sana mashine kuukuu za MBR, na hapo D huwa ndani ya patisheni kubwa inayoitwa extended. Ukiifuta D, ile nafasi inaonekana kijani kibichi na imeandikwa "Free space". Mtu anadhani amemaliza, kumbe C bado haiwezi kuifikia. Yabidi ufute na lile ganda la extended lenyewe, nafasi iwe nyeusi, iandikwe "Unallocated". Hapo ndipo "Extend Volume" huamka.

Na tafadhali, Disk Management ikikutolea onyo kwamba diski itageuzwa kuwa dynamic (mpangilio tofauti na basic wa kawaida), jibu No. Nimeletewa mashine ya mwalimu mmoja aliyejibu Yes kwa haraka, na kuirudisha basic ikawa kazi ya siku mbili.

Mwanafunzi_Moro

Waaleikum salaam. Nimeangalia, ni GPT. Na Fundi uko sawa, kipo kijipande cha MB 529 kati ya C na D. Betri inashika kama saa moja na nusu. Swali: hizi programu za ndani ya Windows mbona hamzizungumzii? Rafiki yangu aliivuta D kwa kipanya tu, kompyuta ikajiwasha upya, kazi ikaisha.

Fundi_Ilala

Zinafanya kazi mkuu, sizikatai. Ila kile kipanya ulichokiona ni sura tu. Kompyuta ilivyojiwasha upya, programu ilikuwa inaisogeza D kabla Windows haijaamka, kazi ile ile ya GParted yenye hatari ile ile ya umeme. Tena nyingine zinakuacha upange kila kitu, ukifika mwisho unakuta kitendo unachokitaka kimefungwa mpaka ulipie. Watu wakishafika hapo huenda kutafuta toleo lililovunjwa kufuli. Naomba sana usifanye hivyo. Programu inayoandika moja kwa moja kwenye jedwali la patisheni, umeitoa kwa mtu usiyemjua, ndiyo unaikabidhi utafiti wako.

Muscat_na_Pemba

Nyote mmeiruka njia ya nne, na kwangu ndiyo ya kwanza kwa usalama. Niko Oman, natunza kompyuta za ofisi ndogo, na siku hizi patisheni ya mfumo siigusi ikiwa kuna namna ya kupata SSD kubwa zaidi. Naiweka mpya kwenye kasha la USB, nawasha Clonezilla, programu ya kunakili diski, kutoka flashini, nanakili diski kwa diski, kisha nabadilisha. Diski mpya lazima iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani, Clonezilla kwa kawaida haikubali ndogo. Kitu chochote kikiharibika, ile ya zamani naifunga tena kwa skrubu tatu na mtumiaji anaendelea na kazi asubuhi hiyo hiyo. Hakuna njia nyingine hapa inayokupa hilo.

Hadhari moja: ukimaliza, usiiwashe kompyuta na diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, kwa sababu zina vitambulisho sawa. Na hakikisha unajua ipi ni chanzo na ipi ni mlengwa. Soma jina la modeli na ukubwa, usitegemee sda na sdb tu, majina ambayo Clonezilla huzipa diski.

Mwanafunzi_Moro

Nimekuelewa kaka, na ningekuwa na fedha ningeifuata njia yako. Kwa sasa SSD mpya siwezi. Diski ya nje nimepata ya kuazima, ya GB 500. Nataka kuifuta D kama alivyosema Fundi. Hicho kijipande cha MB 529 nakipitaje? Nikibofya kulia hakuna "Delete", kuna "Help" tu.

Fundi_Ilala

Sawa. Twende polepole.

Kwanza, kwenye dirisha la amri la msimamizi, `manage-bde -status`. Ikionyesha C imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, andika ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48 kwenye karatasi na uniambie kabla hujaendelea. Halafu nakili D yote kwenye diski ya nje, na *fungua* faili kadhaa kutokea kule kule, hasa kubwa. Rasimu ya utafiti iweke pia kwenye barua pepe yako.

Kisha `reagentc /info`. Itakutajia mazingira ya urejeshaji yako patisheni namba ngapi. Andika `reagentc /disable`. Hapo Windows inalihamishia lile faili la urejeshaji ndani ya C, kwa hiyo hupotezi kitu. Ifute D kwenye Disk Management kama kawaida. Halafu fungua diskpart, ya kugawa diski kwa amri:

`diskpart`
`select disk 0`
`list partition`
`select partition 4`
`detail partition`
`delete partition override`

Namba 4 ni mfano tu, weka iliyotajwa na reagentc. Na hiyo `detail partition` usiiruke. Isome, uhakikishe ukubwa ni MB 529, ndipo ufute. Neno override haliulizi mara mbili.

Baada ya hapo "Extend Volume" itawaka. Ongeza MB 81920, ambazo ni GB 80 kamili.

Debian_Mwanza

Na patisheni ya urejeshaji airudishe wapi? Mimi ningeiweka mwisho kabisa wa diski, baada ya D, ili siku nyingine isimzuie.

Fundi_Ilala

Hoja yako naielewa, lakini mimi naifuata Microsoft hapa: wanashauri ikae mara tu baada ya C, ili Windows iweze kuipanua kwa kuimega C ikihitajika. Januari 2024 lilitoka sasisho KB5034441 la Windows 10, likawa linafeli kwa kosa 0x80070643 kwenye mashine ambazo kijipande hicho kilikuwa kidogo mno. Watu walilazimika kuipunguza C kwa MB 250 na kukiumba upya kwa mkono. Kwa hiyo aiumbe ya GB 1 nzima, pale pale pembeni ya C:

`create partition primary size=1024 id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`
`gpt attributes=0x8000000000000001`
`format quick fs=ntfs label="Windows RE tools"`

Toka diskpart, andika `reagentc /enable`. Nafasi inayobaki iumbe D.

Binti_Tanga

Na fungua hizo faili kweli, usiangalie majina tu.

Mwanafunzi_Moro

Wakuu, nimemaliza jana usiku. Dada Binti_Tanga, asante kwa neno lako hilo la mwisho. Nilipolinganisha ukubwa wa folda, diski ya nje ilikuwa pungufu GB 11. Kumbe imefomatiwa FAT32, mfumo wa faili wa zamani, na hiyo haipokei faili linalofika GB 4. Mahojiano yangu mawili marefu ya video hayakuwa yamenakiliwa. Ujumbe ulitokea, nikabonyeza "Skip" bila kusoma, nikidhani ni vile vifaili vya muda. Ningeifuta D saa ile ningeyapoteza yote mawili, na mmoja wa wazee niliowahoji ameshafariki.

Mwenye diski aliniruhusu kuifomati exFAT, isiyo na kikomo hicho, nikanakili upya, nikaifungua video moja moja mpaka dakika ya mwisho. BitLocker haikuwapo. Kijipande kilikuwa patisheni namba 4 kweli, `detail` ikaonyesha MB 529, nikafuta. C ilipanuka kabla sijaondoa kidole kwenye kipanya. Sasa C ina GB 140, D ina GB 97, na `reagentc /info` inasema Enabled. Masasisho yameanza kuingia, la tatu liko asilimia 48 hivi sasa.

Mtu_wa_Kisauni

Alhamdulillahi. Hizo video mbili usizirudishe D peke yake. Ziache na kwenye diski ya nje mpaka mwenyewe aitake.

Mwanafunzi_Moro

Ameshakubali nikae nayo hadi nitakapowasilisha. Na moja ya yule mzee nimempelekea mwanawe kwenye flashi leo asubuhi.