Mvinyo mwekundu wa kuchanganya unasukuma vizibo, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, nina kashamba ka zabibu huku Hombolo Dodoma na tunasindika wenyewe hapohapo, sasa msimu uliopita nikachanganya aina mbili za zabibu, Makutupora nyekundu robo tatu na Syrah robo, aisee ilitoka nzuri mno, ile rangi kabisa ya damu ya mzee, ina utamu kwa mbali, nikajaza chupa baada ya miezi 4 tu. Juzi nakagua stoo nakuta vizibo vimeanza kupanda, nikafungua moja ikatoa povu kama soda na ulimi unawasha. Nahisi sukari ilibaki ndo imeanza kuchachuka upya humo ndani, maana stoo ina joto hatari. Je nizimimine zote kwenye tenki zimalize kuchachuka halafu nijaze upya au nimeshachelewa? Ni chupa 200, jasho la familia nzima.