Nimesaini barua zao vizuri, wamezipiga stempu baadaye, sasa eti mimi ndio nimeharibu!!

Wasee, nimekwama kwa matatu ya Rongai hapa Bomas, betri 11%, na hasira niliyo nayo leo mnisamehe tu nikikosea spelingi.

Kuna sacco fulani hapa tao ilinipa kazi, barua za mikopo zisainiwe na programu badala ya manija kukaa na kalamu na rundo la karatasi kila Ijumaa. Cheti cha kusaini kidijitali walikuwa nacho tayari. Nikaandika skripti ya Python na pyHanko (maktaba ya kusaini PDF), inasoma faili ya .p12, yaani ile yenye cheti na ufunguo wa siri, inasaini kila PDF na kuweka muhuri wa muda. (Paswedi ya hiyo .p12 walinitumia kwa grupu ya WhatsApp yenye watu 23, lakini hiyo tuiache.) Nikafungua kwa Adobe Reader, saini halali, hati haijabadilishwa. Safi.

Jumatatu simu: "Kijana, saini zako ni feki, zote zinaleta alama nyekundu." Nikakimbia huko. Kumbe sekretari akishapata barua imesainiwa anaipandisha kwa tovuti ya bure ya kuhariri PDF, anabandika picha ya stempu ya bluu, anaseivu, ndio anamtumia mwanachama. Namuuliza mbona, ananijibu, "Sasa kijana wangu, barua haina stempu, nani ataiamini?"

Jamani hii saini si picha! Programu inachukua baiti zote za faili isipokuwa pale penye saini yenyewe, inazipigia hesabu ya SHA-256 (ni kama alama ya kidole ya faili), matokeo ndiyo yanafungwa na ufunguo wa siri, kwa hivyo ukigusa hata nukta moja hesabu inakataa, na kukataa ndio kazi yake. Nikamfungulia manija faili kwa Notepad++ nimuonyeshe. Kuna mahali pameandikwa ByteRange, yaani saini inafunika baiti kutoka wapi hadi wapi, namba nne, mbili za mwisho ukizijumlisha unapata ukubwa wa faili. Yangu 68402 na 15811, jumla 84213. Sasa pima ukubwa wa ile iliyotoka kwa sekretari: baiti 131906! Hizo zingine zimetoka wapi kama si stempu? Mzee akaangalia, akanyamaza, akasema yeye hataki hesabu, anataka nitoe hiyo alama nyekundu. Nitoe!! Ni kama kumwambia askari wa geti afunge macho mwizi akipita.

Na stempu ingewezekana. Unaiweka kwa barua kwanza halafu unasaini mwisho, au inakuwa sehemu ya saini yenyewe, ni mistari michache tu. Niliwaandikia hayo kwa imeili kabla sijaanza, nikauliza "mnataka stempu ionekane?", hakuna aliyejibu mpaka leo. Tena tangu sheria za biashara zibadilishwe 2020 saini ya elektroniki inakubalika Kenya hii, stempu ya bluu ni mazoea tu.

Sasa wamekatalia balansi yangu ya 45,000 mpaka "nirekebishe".

Najua Small Claims Court (mahakama ya madai madogo) pale Milimani inachukua kesi hadi shilingi milioni moja. Kuna mtu humu ashaenda huko na deni la kazi ya programu? Hiyo imeili na hizo namba za ByteRange hakimu atazielewa ama nibebe laptop? Betri 6%, nitasoma majibu nikifika nyumbani.