Tupeane uzoefu: sayansi ulifundishwaje shuleni? Mwalimu mtarajiwa nauliza

MwalimuMtarajiwa
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa pili stashahada ya ualimu, kemia na baiolojia. Mkufunzi katupa kazi: kila mwanachuo aandike yeye mwenyewe alivyofundishwa sayansi tangu shule ya msingi, matamu na machungu. Nimekaa na daftari tangu saa kumi, kinachonijia kichwani ni ubao tu. Ubao, chaki, na kiranja anatuandikia notsi huku mwalimu yuko ofisini. Jiko la Bunsen nimelichora na kulipaka rangi tangu kidato cha kwanza, nikaja kuligusa kidato cha tano.

Ila kuna siku kidato cha pili mwalimu wa baiolojia aliingia na papai bichi. Akalikata nusu, akalimenya, akatoa mbegu, akamimina sukari mle shimoni, akalikalisha kwenye beseni la maji. Akaendelea na kipindi kama vile hajafanya kitu. Tuliporudi kutoka mapumziko sukari haipo, shimo limejaa maji karibu ya kumwagika, na hakuna aliyeyatia. Akauliza, "Yameingilia wapi?" Darasa kimya, halafu kelele, kila mtu ana jibu lake, mmoja akasema mwenzetu wa nyuma ndiye kamwaga. Hatukutoka kwenda kula hadi tukabishana tukachoka. Swali la osmosisi, maji kupenya kwenda palipo na sukari nyingi, mpaka leo sihitaji notsi kulijibu.

Muhula ujao naenda BTP, mazoezi ya kufundisha shuleni. Niambieni: sayansi ilikuingia lini, na ilikutoka lini?

Kandambili
Nimeshakaa siti ya mbele. Leteni.

Mzee wa Mchepuo
Kijana, sisi wa miaka ya 70 sekondari zilikuwa na michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Mimi nilikuwa kilimo. Habari za asidi ya udongo hatukuzisoma ubaoni. Shamba la shule lilikataa mahindi, yakawa manjano, mafupi. Mwalimu akatutuma jikoni kubeba majivu, tukayamwaga nusu ya shamba, nusu tukaiacha. Msimu uliofuata kila mtu aliona kwa macho yake. Ninyi wa siku hizi mnasoma ili mfaulu.

kipanga_mstaafu
Shikamoo mzee. Ila msituonee. Wakati wenu wanaoingia kidato cha kwanza walikuwa wachache, waliochujwa wakachujika. Sisi ni zao la shule za kata, zile zilizoanza kuota kila kona baada ya 2004. Darasani tumebanana, dawati la wawili tunakaa wanne, mwalimu wa fizikia hayupo, anayetufundisha ni kaka aliyemaliza kidato cha sita anasubiri chuo. Akiitwa chuo, fizikia imeondoka naye.

Mzee wa Mchepuo
Marahaba. Hilo la walimu sikatai.

Bint_Kilwa
Huyo kaka wa kidato cha sita kwetu ndiye alikuwa mwalimu bora kuliko wote. Alitufundisha penduli kwa jiwe, uzi wa mshonaji na saa ya mkononi. Tulifunga jiwe kwenye kenchi la paa, tukahesabu mizunguko 20, tukafupisha uzi, tukahesabu tena. Tukabadilisha jiwe dogo kwa kubwa, muda ni uleule. Niligoma kuamini. Nilirudia nyumbani kwa kufuli.

Fundi Saa
+1. Na mimi nilibishana na jiwe.

msuli_wa_usiku
Nyie mna bahati. Mimi kemia niliipokea kwa fimbo. Elementi 20 za kwanza, haidrojeni mpaka kalsiamu, ukikwama unainama. Mwenzangu alikuwa anakwama kwenye boroni kila siku. Kila siku! Mwisho akawa anaruka: liti, berili, kaboni. Mwalimu anasikiliza urefu wa wimbo, akiona umepungua anachapa.

kipanga_mstaafu
Na bado unazikumbuka, si ndiyo? Kwa hiyo ilisaidia.

msuli_wa_usiku
Nakumbuka majina. Kwa nini zimepangwa hivyo nilikuja kujua chuoni. Usitetee fimbo, kaka.

kipanga_mstaafu
Sitetei. Nasema nyie wa sasa mnataka kila kitu kiwe mchezo. Kuna mambo lazima ukariri. Utaanzaje kubalansi milinganyo hujui valensi?

Bint_Kilwa
Haya, tusiharibu mada ya mtoto wa watu.

Dokta Chaki
Swali kwa wote: mlifanya praktikali ya kweli au ile pepa mbadala? Maana kuna watu hapa wanajiita wanasayansi, bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, waliiona imechorwa.

Fundi Saa
Mimi ni wa pepa mbadala na sioni haya. Unachorewa bureti, unasoma 21.40, unapiga hesabu. Nilipata B.

Dokta Chaki
B ya kusoma picha.

Fundi Saa
Wewe wa praktikali ya kweli ulikuwa unaitambuaje chumvi ya kemia uliyopewa? Sema ukweli. Mliona fundi wa maabara kaagiza nini wiki ile, mkakariri chumvi tatu zinazowezekana, mkaandika majibu kwanza halafu ndipo mkachoma. Au nadanganya?

Dokta Chaki
Hujadanganya sana.

Nyali
Salamu kutoka Mombasa. Hata huku mambo ni yayo hayo. Mwalimu hupewa karatasi ya siri mapema kabla ya praktikali ya KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, ili atayarishe kemikali. Basi juma lile mwalimu wa kemia hawezi hata kukohoa, mabweni yote yanamtazama mikono. Mwaka wetu alionekana akinunua viazi sokoni. Usiku kucha tukasoma wanga na osmosisi. Kumbe mkewe alitaka kupika bhajia.

Kandambili
😂😂 Kwetu fundi wa maabara alikamatwa na wanafunzi akikimbiza panzi uwanjani saa moja asubuhi. Shule nzima ikajua kesho kuna mdudu.

Mama Wawili
Mmenikumbusha praktikali yangu ya kemia kidato cha nne. Sijawahi kuisimulia hata kwa mume wangu.

Shule ilikuwa ya kata, mkoani Rukwa, jina naliacha. Majengo ya maabara yalikuwapo, kwa sababu ni kipindi kile Rais Kikwete ameagiza sekondari za kata ziwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, mwisho Novemba 2014, ikaja ikasogezwa hadi Juni 2015. Wazazi walichangishwa, ukuta ukasimama, bati likapigwa. Ndani hamna bomba, hamna gesi. Chumba cha fizikia kikawa na magunia ya mahindi ya uji. Bureti tuliziona wiki ya mtihani, za kuazima.

Hazikutosha, tukagawanywa mikupuo miwili. Mimi wa pili. Mnaijua karantini? Mnafungiwa darasani, msimamizi mlangoni, msije mkakutana na wanaotoka. Tumekaa mle tunasikia tu vioo vinapasuka upande wa pili. Kikipasuka kimoja tunatazamana. Hakuna aliyekuwa anarudia notsi, tunawaza zitabaki ngapi.

Tukaingia. Mvua imeshafunga, giza, umeme hakuna. Meza yangu ya mwisho, mbali na dirisha. Asidi kwenye bureti, alkali unaivuta kwa pipeti unaitia kwenye chupa, matone ya methili oranji, ile rangi ya kukuonyesha mwisho, unaanza. Ile mipira ya kuvutia pipeti sisi tuliiona kitabuni, tulivuta kwa mdomo. Mara ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu alkali imebaki kidogo kwenye bika, mimi macho nimeyakaza kwenye alama ya juu, chini siangalii. Kumbe ncha ya pipeti imeshatoka kwenye maji.

Ngoja nipakue chakula, watoto wanalia. Narudi.

Kandambili
MAMA WAWILI!!

msuli_wa_usiku
Hawa ndio wanaotupa presha. Watoto wasubiri kidogo jamani.

Bint_Kilwa
Mtoto asubiri stori yako? Hebu kuweni na huruma.

MwalimuMtarajiwa
Nami nasubiri hapa na kalamu.

Sumbawanga Boy
Rukwa ipi? Maana kama ni shule ninayoidhania mimi, hayo mahindi nimeyala.

Mama Wawili
Nimerudi. Ncha ikitoka majini unavuta hewa, na kilichomo kwenye pipeti kinapanda chote kwa mpigo. Kilinijaa mdomoni. Utelezi, kama nimeng'ata kipande cha sabuni ya kufulia. Nikatema palepale, na palepale ndipo ilipokuwa karatasi yangu ya majibu. Jedwali lote, vipimo vya kwanza na vya pili, wino ukachuruzika mpaka ukingoni mwa meza.

Msimamizi akaja mbio. Nikajua huruma hiyo. Akasema, "Usimlowanishie mwenzio." Aliyenisaidia ni mwalimu wetu, yuko nje haruhusiwi kuingia, kasimama dirishani anapiga kelele, "Sukutua! Sukutua, usimeze!" Nikasukutua hadi ndoo ikaisha. Nikapewa karatasi nyingine, nikaanza upya. Na methili oranji mnaijua, kwenye alkali ni njano, ikifika mwisho inageuka chungwa. Kwenye giza lile njano na chungwa ni mtu na ndugu yake. Nikawa nafungua tone, nakimbia na chupa dirishani kutazama, msimamizi ananirudisha. Natia tone, nakimbia, ananirudisha. Mwisho akachoka akaniacha.

Nilipata C. Mwenzangu aliyepangiwa meza ya dirishani alipata B.

Jasiri Haachi
Chai hii. Sodiamu haidroksaidi ingekutoboa koo, usingekuwa hapa unapakua chakula.

Dokta Chaki
Si chai. Ile ya mtihani huwa nyepesi, tuseme molari 0.1. Gramu 4 ndani ya lita nzima ya maji. Itakukera mdomo, utasukutua, basi. Ya kutoboa koo ni ile ya kuzibulia mabomba.

Jasiri Haachi
Kwetu tuliambiwa ukimeza unatapishwa haraka.

Nyali
Sisi tuliambiwa maziwa.

Dokta Chaki
Kutapishwa kamwe! Ilipopita ikishuka inapita tena ikipanda, inaunguza mara mbili. Suuza mdomo, kimbia hospitali.

Sumbawanga Boy
Mimi ningekunywa maji ya ndimu, si asidi na besi zinamalizana?

Dokta Chaki
Na joto linalotoka zikimalizana utalipeleka wapi? Ndiyo maana mkapewa picha ya bureti, siyo bureti.

Fundi Saa
Amerudi tena kwenye pepa mbadala huyu.

Kandambili
Mama Wawili, sasa hivi unafanya kazi gani?

Mama Wawili
Mtaalamu wa maabara, hospitali. Sivuti kitu kwa mdomo hata soda.

Asha_PCB
Naongezea langu fupi. Kidato cha tatu wakati wa kuchagua michepuo mwalimu alisimama akasema wasichana wenye akili waende biashara, sayansi itawachosha. Tulikuwa saba tulioinua mikono kwa sayansi, wanne wakashusha. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao tunaongelea mkono ule.

Bint_Kilwa
Kwetu aliyesema hivyo alikuwa mwalimu wa kike. Iliuma zaidi.

kipanga_mstaafu
Mwalimu mtarajiwa, ushauri: usiende BTP na mbwembwe. Kamilisha silabasi. Wazazi wanataka ufaulu, mkuu wa shule anataka ufaulu, papai hawalisahihishi Necta.

Mzee wa Mchepuo
Usimsikilize. Nenda na papai.

Bint_Kilwa
Nenda na vyote viwili ila papai ununue mwenyewe, usisubiri bajeti ya shule. Na chemsha rozela, choya hizi za juisi, uchuje. Tia ndimu inazidi kuwa nyekundu, tia maji ya majivu inakwenda kwenye kijani. Ukishawaonyesha hivyo, litmasi, karatasi ya kupimia asidi na alkali, wakiiona kwenye kitabu wanaicheka.

Asha_PCB
Na chokaa ya kupaka ukuta. Koroga kwenye maji, iache ituame usiku kucha, chukua maji maangavu ya juu. Mwite mmoja apulize kwa mrija, yanageuka meupe. Chagua yule asiyekaa kimya, atakuwa na kazi. Ila mwambie apulize, asivute, tusije tukapata Mama Wawili mwingine.

Mama Wawili
😂 Mmeshanipatia jina.

MwalimuMtarajiwa
Asanteni sana, naandika yote. Moja limebaki. Shule niliyopangiwa nimeipigia, gesi haipo. Kipimo cha Benedikti, kile cha kupima sukari, kinataka joto, nitapata wapi moto wa darasa zima?

Fundi Saa
Taa za spiriti. Chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko cha bati, toboa, pitisha utambi wa pamba. Usithubutu petroli.

msuli_wa_usiku
Na hiyo spiriti lala nayo. Kidato cha nne cha kwetu wangeinywa.

Asha_PCB
Moto wa nini? Chukua chupa mbili za chai, mwombe mama ntilie wa pale getini akuchemshie maji. Mimina kwenye kopo, simamisha mirija ya majaribio humo, subirini dakika kadhaa. Buluu itapita kijani, njano, hadi rangi ya matofali, kutegemea sukari iliyomo. Sisi tulifanya na juisi ya muwa.

Mzee wa Mchepuo
Kopo liwe lako, kijana. Ile dawa ina shaba. Usije ukamrudishia mama wa watu apikie maharage.

Kandambili
Mimi nilikuwa mchepuo wa sanaa na nimesoma mpaka hapa. Huyo aliyekuwa anaruka boroni alifaulu?

msuli_wa_usiku
Ni mkaguzi wa shule.