Fonti nene za stenseli kwa kichwa cha bango

Swali: Ninasanifu bango la maonyesho ya mashine, na ningependa kichwa chake kiwe na fonti nene ya stenseli, yaani yenye herufi zilizokatwa kwa mianya. Nianzie wapi?

Jibu la 1: Itazame Stencil, aliyoichora Gerry Powell mwaka 1937 kwa ajili ya American Type Founders, kampuni ya Marekani ya kutengeneza herufi za chapa. Ina herufi kubwa pekee, kwa hiyo haifai kwa maelezo marefu.

Jibu la 2: Kwa maoni yangu, kingo zake za mviringo ni laini mno kwa mashine, tafuta yenye pembe kali.

Mwulizaji: Ahsanteni. Herufi zitapuliziwa rangi kupitia bati lililokatwa.

Jibu la 2: Basi mianya ya herufi si pambo tena, kwani vipande vya bati vinavyoiacha ndivyo vinavyoshikilia kiini cha O au A kisidondoke, na vikiwa vyembamba, rangi hupenya chini yake na kuiziba.