ALISIMAMA JUU YA MPIRA!!! (mnamjua, sina haja ya kumtaja)

Nimetembea kutoka uwanja wa Nyayo hadi stendi ya Railways kwa miguu kwa sababu hasira kama hii haiingii kwenye matatu.

Dakika ya 88. Moja moja. Bwana mkubwa wenu wa wingi ya kushoto anampiga beki kanzu, mpira juu ya kichwa, anamlaza kipa. Kipa yuko chini kama mgonjwa. Goli wazi, hata mama wa njugu angefunga na beseni kichwani. Yeye? AKASIMAMA JUU YA MPIRA. Mkono kiunoni, anatupungia. Kipa akaamka, akajipangusa, nadhani hata aliomba, akaja akauchukua ule mpira polepole kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Kufumba na kufumbua tumefungwa upande wa pili.

Huyu nilimwona kwenye mashindano ya mtaani ya Koth Biro, pale uwanja wa Umeme, kiatu kimefungwa kwa kamba ya gunia, akizungusha watu wazima mpaka wanashikana mashati wenyewe kwa wenyewe. Leo ni klabu ya nne. Ulaya alikaa msimu mmoja akarudi na nywele za rangi ya maziwa. Ni kama stima ya kwetu: ikirudi mtaa mzima unashangilia, ukichomeka pasi tu, imeenda.

Lakini JUU YA MPIRA jamani? Mpira ni stuli?

Fundi wa Burma: Pole. Uliweka ngapi kwenye mkeka wa kubeti?

Mwenye uzi: Hiyo si mada.

Fundi wa Burma: Basi uliweka nyingi.

Beki Mstaafu: Mwacheni kijana. Dembélé, yule Mfaransa, alichekwa miaka yote ile Barcelona, 2025 akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia.

Jirani wa Umoja: Dembélé alikuwa anaumia, mzee. Huyu wetu haumii, anapoza tu. Mfananishe na yule Mbrazili Denílson: 1998 Betis ya Uhispania wakamnunua kwa bei iliyovunja rekodi ya dunia, mguu unazunguka mpira kama mwiko kwenye sufuria, na 2000 timu ikashuka daraja.

Mwenye uzi: Denílson hakusimama juu ya mpira goli likiwa wazi!

Shemeji Mkimya: Nilikuwa nyuma yako. Ulipiga makofi alipompiga yule beki kanzu. Ulinimwagia chai.

Mwenye uzi: Hiyo ilikuwa kabla.

Kijana wa Kayole: Nyinyi mnalia mechi ya ligi? Mimi bado niko Kasarani, Agosti 2025, Madagaska wanatutoa CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa penalti. Tumewafunga Moroko, halafu tunatolewa hivyo. Sijawahi kuondoka pale kimoyo.

Jirani wa Umoja: Usinikumbushe. Siku hiyo makanga alituongezea nauli mara mbili, ati mmesikitika lakini mna pesa.

Fundi wa Burma: Makanga wa laini yetu hata leo kafanya hivyo! Na kiti nilichopewa ni ubao, goti liko shingoni mwa dereva.

Shemeji Mkimya: Afadhali ubao. Mimi nimepakata jiko la mtu.

Mwenye uzi: Wadau, turudi kwenye mada. Alisimama juu ya

Kijana wa Kayole: Kwani nauli ya Rongai saa hii ni ngapi?

Beki Mstaafu: Mia mbili. Na kunanyesha.