Kisamaki cha Mbudya: ni mtoto au mpevu?

Mama wa Mtongani: Habari zenu. Jumapili nilivuka na wanangu kwenda kisiwa cha Mbudya. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali. Wa darasa la tano akaniita kwenye kidimbwi: kisamaki kimoja, hakifiki ukucha wa kidole gumba changu. Nikamwambia huyo mtoto wa changu, mwache akue. Akabisha, "Mbona haogelei? Amekaa tu juu ya jiwe kama mjusi." Nimezaliwa kwa wavuvi Kunduchi na jibu sikuwa nalo. Mwenye ujuzi anisaidie.

Nahodha mstaafu: Hao hata wavu wa dagaa hauwashiki. Ndiyo maana hatukuwapa macho.

Mzamiaji Msasani: Dada, mwanao ana jicho zuri. Hao ni jamii ya gobi. Mapezi ya tumboni ya wengi wao yameungana kama kikombe, wanajishikiza nayo kwenye jiwe. Na udogo si utoto: Trimmatom nanus, wa bahari yetu hii ya Hindi, hukamilisha ukubwa wake wote kabla ya kufika sentimita moja na nusu. Eviota sigillata wa Australia haishi zaidi ya siku 59, na wiki tatu za mwanzo anachukuliwa na mkondo bahari kuu.

Mimi moyo wangu uko kwa wale wa chini kabisa. Matumbawe yanashuka hadi mita 150 hivi, penye mwanga hafifu. Kwa mtungi wa hewa ya kawaida mwisho wangu mita 40. Ukizidi, naitrojeni inakulevya. Kule Curaçao, kisiwa cha Karibi, watafiti walishuka na nyambizi ndogo, wakawanyonya kwa bomba. Ndivyo alivyopatikana Varicus lacerta, aliyetangazwa 2016: manjano na chungwa, macho ya kijani, kutoka zaidi ya mita 120. Lacerta ni Kilatini, maana yake mjusi. Mwanao kaona kile kile walichokiona wao!

Mama wa Mtongani: Nimemsomea, karuka juu kwa furaha. Anauliza, wana faida gani?

Mzamiaji Msasani: Mwambie ndio ugali wa mwamba. Utafiti wa 2019 ulikadiria kwamba visamaki vya aina hii vinatoa karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa matumbaweni. Changu unayemnunua soko la Feri amekulia huko. Mkirudi Mbudya angalieni tu, msigeuze mawe. Mayai hubandikwa chini yake, na dume yupo hapo hapo anayalinda.