Majaji wa hadithi za kisayansi hapa Moshi, nani kawaambia kila mtambo lazima uelezwe nati kwa nati?

Wakuu heshima kwenu. Modereta naomba usiuhamishie huu uzi kule kwenye utani maana nimekasirika kweli.

Kulikuwa na shindano la hadithi fupi hapa mjini, waandaaji siwataji, wanajijua. Nikapeleka ya kwangu kipengele cha kisayansi. Ni Kibosho, huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ya miaka ijayo, kuna mtambo uko juu mlimani unanyeshesha mvua kwa ratiba, sasa mfongo (mfereji wa jadi wa kumwagilia) umekauka hauna kazi, wazee waliokuwa wanapanga zamu za maji hakuna anayewasikiliza, na ndugu wawili wanakaribia kuuana maana mvua inanyesha kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha aliyelipia tu, wa jirani anaangalia. Majibu yakaja eti mwandishi hajaeleza mtambo unafanyaje kazi kwa hiyo hii siyo sayansi, wakanitupa kwenye kipengele cha ngano, hadithi za kale. Ngano jamani! Na sungura na fisi!

Hivi hawa watu wamesoma nini? Isaac Asimov, mwandishi mkubwa wa hadithi za kisayansi wa Marekani, alishayaandika haya mwaka 1953, kwamba hizi hadithi ziko za aina tofauti kutokana na kile kifaa kinafanya nini humo ndani. Kuna ile ambayo kifaa ndo habari yenyewe, jamaa anahangaika kukiunda mpaka kinawaka. Kuna ile kifaa kipo kwa ajili ya mbio na kuokoana tu. Halafu kuna ile kifaa kimeshazoeleka kabisa, na swali ni watu wanaishije nacho. Ya kwangu ni hiyo ya tatu, wao wameipima kwa rula ya ile ya kwanza, ni sawa na kuonja mbege, pombe yetu ya ndizi, halafu ulalamike mbona haina ladha ya bia.

H. G. Wells, mwandishi Mwingereza, na ile hadithi yake ya mashine ya kusafiri kwenye wakati, 1895, ukitafuta inavyofanya kazi utaambulia vipande vya kwarzi, pembe za ndovu na vipini viwili vya kuendeshea, basi. Maana haja yake ilikuwa kutuonyesha binadamu waliogawanyika, wa juu wanakula bata na wa chini ya ardhi wanaendesha mitambo na kuwala hao wa juu. Angeileta Moshi wangempa sifuri!

Tena ugomvi wenyewe wa zamani. Jules Verne, mwandishi Mfaransa, mwaka 1903 alimlalamikia huyo huyo Wells, kwamba mimi watu wangu nawapeleka mwezini kwa mzinga, yeye anatumia madini ya kuondoa uvutano, hebu anionyeshe hayo madini. Sawa, Verne alipiga hesabu. Ila mzinga ule ungewaponda abiria wote hapo hapo ulipolipuka kwa ile kasi ya ghafla! Maelezo mengi na bado watu wamekufa. (Simchukii Verne, hadithi yake ya nyambizi ya 1870 naipenda mpaka kesho.)

Na Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki aliyetuletea neno roboti kwenye tamthilia yake ya 1920, roboti zake wala siyo za chuma, ni miili ya kutengenezwa, na kinachokusumbua ukisoma ni nani anafanya kazi na nani anakula faida. Hiyo nayo ngano?

Aliyeshinda sina neno nae, kaandika droni ya kupeleka damu vijiji vya juu, betri, propela, volti, ikipaa tu hadithi imeisha, na kwa aina yake iko vizuri. Ila kama mnataka hizo tu si mngeandika kwenye tangazo tukajua mapema, mbona mmeita kipengele kizima "kisayansi" halafu mlangoni mnaruhusu mafundi peke yao??

Nimewaandikia kuomba vigezo vya kutoa alama, kimya mpaka sasa. Kama kuna mtu wa Moshi au Arusha alishiriki na akahamishwa kipengele, aweke hapa komenti aliyoandikiwa na jaji, tuzilinganishe.